Sehemu ya 16 ya Crash Landing on You: waliolalamikia Uswisi waliruka dakika za mwisho

Sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Korea Kusini Crash Landing on You ilirushwa na kituo cha tvN usiku wa Jumapili, 16 Februari 2020, na mpaka leo ubishi wake haujaisha. Kila anayeimaliza upya kwenye Netflix anakuja na manung'uniko yale yale matatu. Kwa nini Seung-jun, yule tapeli, afe? Uswisi imetokea wapi? Na hivi kweli watu walioteseka kiasi kile wanaishia kupewa wiki mbili za kuwa pamoja kwa mwaka? La kwanza naliunga mkono. La pili linatokana na namna watu wanavyotazama, na dawa yake ni rahisi. La tatu ndilo lenye nyama, nitakaa nalo zaidi.

Kama hujafika huko, ishia hapa. Chini natoboa kila kitu.

Tukumbushane mambo yalikuwa yamefikia wapi. Se-ri, mwanamke tajiri wa Seoul, aliruka na paraglaida (mwavuli wa kurukia) akaangukia Korea Kaskazini, akafichwa na Jeong-hyeok, afisa wa jeshi huko, na wakapendana. Cho Cheol-gang, yule luteni kamanda mwenye roho ya korosho, ameshakufa. Se-ri amepigwa risasi akimkinga Jeong-hyeok, akapata nafuu, halafu hali ikabadilika tena akarudishwa chumba cha wagonjwa mahututi. Jeong-hyeok na vijana wake wako mikononi mwa idara ya usalama ya Kusini, na uamuzi umeshapita: wanarudishwa Kaskazini. Huko Pyongyang, Seung-jun ameacha ndege yake ya kutorokea akarudi kumwokoa Seo Dan, aliyekuwa mchumba wa Jeong-hyeok, ambaye ametekwa, na amelala ana risasi mwilini. Kwa hiyo sehemu ya 16 inaanza na madeni matatu: kuwavusha wanaume mpakani, kumzika au kumponya Seung-jun, na kujibu swali lililoulizwa tangu siku ya kwanza, kwamba mtu wa Seoul na mtu wa Kaskazini wataishi wapi. Ndiyo maana ni ndefu, inapita saa moja na nusu kwa mbali.

Tukio ambalo kila mtu analikumbuka ni lile la mpakani. Se-ri anazinduka, anaambiwa kinachoendelea, na mama yake, mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa baridi kwake kuliko friji, ndiye anayemfikisha. Jeong-hyeok na wenzake wanakabidhiwa upande wa pili. Se-ri anaita jina lake. Anakimbia huku mwili haujapona, anaanguka. Jeong-hyeok anageuka, anawachomoka walinzi, anarudi mbio na kumkumbatia, na papo hapo bunduki zinanyanyuliwa pande zote mbili.

Ukilitazama tukio hilo peke yake, kipande kilichokatwa na kuwekwa TikTok, utaona mapenzi ya kawaida ya uwanja wa ndege: mmoja anaondoka, mwingine anafika dakika ya mwisho. Tumeyaona mara mia. Hili linauma tofauti kwa sababu mwandishi Park Ji-eun ameshatufundisha kupima umbali, na somo hilo lilitolewa sehemu ya 9.

Rudi huko. Jeong-hyeok anamsindikiza Se-ri kupitia ukanda usio na majeshi. Ukanda wenyewe ulitokana na mkataba wa kusitisha vita wa 27 Julai 1953. Una upana wa kilomita 4 na urefu wa karibu kilomita 250, na mpaka leo hakuna mkataba wa amani uliofuata. Nyaya na mageti viko kwenye kingo zake, kaskazini na kusini. Ule mstari wa katikati, unaotenganisha nchi na nchi, hauna ukuta wala seng'enge. Umewekewa vibao 1,292 vya chuma, vingi vimeshika kutu. Unaweza kuuvuka kwa kunyanyua mguu, na unaweza kupigwa risasi kwa kuunyanyua.

Njiani Jeong-hyeok, afisa anayelijua eneo hilo kama kiganja chake, anajifanya amepotea. Anazunguka ili safari irefuke. Wakifika kwenye mstari anamwambia yeye hawezi kusogea zaidi hata hatua moja. Se-ri anaanza kuondoka. Kisha mwanaume anavuka, anajitetea kwamba hatua moja tu haina neno, na anambusu. Hapo ndipo kipimo cha tamthilia nzima kilipowekwa. Kwa afisa huyu, aliyezoea kufuata amri na ambaye baba yake ni mkubwa wa siasa jeshini, upendo mzito kabisa ulikuwa na thamani ya hatua moja.

Sasa rudi sehemu ya 16 ukiwa na kipimo hicho. Mstari hauko tena msituni ambako hakuna macho. Uko mbele ya askari wa nchi mbili na maofisa wenye nyaraka za makabidhiano. Na hatua si moja. Mwandishi hakuhitaji kumpa maneno makubwa, hesabu imeshakaa kichwani mwa mtazamaji tangu wiki kadhaa nyuma. Ndiyo maana pia nasema wazi kwamba anayetazama zile nakala za kusimuliwa kwa Kiswahili, ambazo mtafsiri anazungumza juu ya sauti za waigizaji, hapa anapunjwa. Msimuliaji mzuri ni burudani kwenye tamthilia ya kihistoria kama Jumong na mapanga yake, kwa sababu vita vinavumilia maelezo. Ila kazi yake inamlazimu kujaza kila sekunde, na tukio hili linategemea zaidi watu wasiosema kitu: vijana wa kikosi wakilia, akiwemo Pyo Chi-su aliyekuwa akimtukana Se-ri tangu sehemu ya 2, na wale maofisa wanaotazamana bila kujua nani aanze kumvuta nani.

Je, lina kasoro? Linayo. Kwenye makabidhiano ya kweli raia asingeachwa afike pale, na kumbatio lisingedumu hata robo ya muda ule. Tamthilia imejikinga kidogo kwa kumwonyesha mapema afisa wa Kusini anayewasimamia akianza kuwaonea huruma, kwa hiyo kuchelewa kwake kutoa amri kuna sababu. Upande wa Kaskazini hakuna sababu iliyoandaliwa. Wamesimama tu na bunduki wakisubiri muziki uishe. Nawasamehe. Nisichowasamehe ni kinachofuata: gari linalowabeba Jeong-hyeok na wenzake halielekei nyumbani, wanapelekwa kuuawa, na baba yake anatokea njiani na watu wake kuwaokoa. Hilo lingestahili kupewa nafasi. Limebanwa katika dakika chache, mzee anashuka, adui anaishiwa maneno, basi. Mtu anayetishia maisha ya wahusika sita wakuu alipaswa kuogopwa tangu mwanzo, siyo kuletwa saa ya mwisho na kuondolewa saa hiyo hiyo.

Kuhusu Park Ji-eun, ukishaona mbinu yake mara moja utaiona kila mahali. Anapanda kitu kidogo kama kichekesho, anakiacha, halafu anakivuna kikiwa kimegeuka machozi. Mfano safi ni mshumaa. Se-ri amefika kijijini, umeme unakatika, na yeye aliyezoea maisha ya kitajiri anaagiza mishumaa yenye manukato. Jeong-hyeok hajui hata ni kitu gani, analeta ile ya kawaida ya kuangazia giza. Tunacheka. Mwisho wa sehemu ya 4, Se-ri amepotea sokoni usiku, watu wamejaa, hana pa kwenda. Katikati ya umati unanyanyuliwa mkono wenye mshumaa unaowaka, na safari hii ni ule wa manukato. Hakuna hotuba. Angalia alivyoiandaa: kwanza hitaji la kipuuzi, pili jibu lisilo sahihi, tatu pengo la kutosha ili usahau, nne hatari ya kweli, ndipo kitu kinarudi. Ukitoa hatua ya pili, ile ya kuleta mshumaa usio sahihi, tukio la sokoni linakuwa la mwanaume aliyeshika taa tu. Kahawa ilikwenda njia hiyo hiyo: Se-ri anataka kahawa, mwanaume ananunua buni mbichi sokoni, anazikaanga mwenyewe, anazisaga, anachuja. Hatua zote tunaonyeshwa, kwa sababu muda alioutumia ndio kauli yake.

Sasa tuje Uswisi, lile lalamiko la pili.

Sehemu nyingi za tamthilia hii zina kipande cha ziada kinachokuja pale mwishoni kabisa, wakati wengi wameshabonyeza kwenda mbele. Televisheni ya Korea inafanya hivyo makusudi: mtazamaji abaki hadi mwisho, na matangazo nayo yabaki na macho. Kwenye Netflix kinyume chake hutokea. Majina yakianza kupita, kile kitufe cha sehemu inayofuata kinajitokeza, sekunde chache zinahesabika, na umeshahamishwa. Katika tamthilia nyingine unapoteza kichekesho kidogo. Katika hii unapoteza hadithi ya pili nzima.

Vipande hivyo, pamoja na kumbukumbu zilizotawanywa katikati ya sehemu, ndivyo vinavyofunua kwamba Se-ri na Jeong-hyeok walikuwa wamekutana miaka ya nyuma bila kujuana. Jeong-hyeok alikuwa mwanafunzi wa piano Uswisi. Se-ri alikwenda huko akiwa amekata tamaa ya kuishi. Alimsikia mtu akipiga piano kwenye gati ya ziwa, wimbo alioutunga kwa ajili ya kaka yake, na wimbo huo ukambakiza duniani. Wakapishana tena kwenye daraja refu la kamba za chuma, Jeong-hyeok akiwa na Dan, Se-ri akiwa amesimama mahali pabaya kwa mtu mwenye mawazo kama yake, na kilichomshtua ni mgeni aliyemwomba awapige picha. Mtu aliyeviona hivyo vyote anafika sehemu ya 16 akiwa anajua kabisa ni wapi watu hawa watakutana. Mtu aliyeviruka anaona milima na ng'ombe vinamwangukia kutoka mbinguni.

Maeneo yenyewe ni ya kweli na yanatembeleka. Gati iko Iseltwald, kijiji kidogo kando ya ziwa Brienz. Baada ya tamthilia, wageni kutoka Asia walifurika mpaka kijiji kikaamua kuweka geti la kuzungusha, na tangu 2023 unalipa faranga 5 za Uswisi ili usimame pale upigwe picha. Daraja ni la Sigriswil, juu ya ziwa Thun: urefu mita 340, kimo mita 182 kutoka bondeni, limefunguliwa 2012. Piano gatini hakuna, wengi wanaulizia.

Na uchaguzi wa nchi haukuwa wa mandhari peke yake, ingawa mandhari imesaidia. Uswisi ni moja ya nchi nne zilizowekwa na ule mkataba wa 1953 kusimamia usitishaji vita, pamoja na Uswidi, Poland na Czechoslovakia ya wakati huo, na maofisa wake wachache wapo kambini pale Panmunjom, mpakani mwa Korea mbili, hadi sasa. Kim Jong-un mwenyewe alisoma Bern. Kwa hiyo mtoto wa kigogo wa Kaskazini kupelekwa Uswisi kusoma ni jambo lenye miguu, na orkesta kutoka Pyongyang kufika kwenye tamasha huko, kukiwa na mfadhili tajiri aliyeanzisha mfuko wa kusaidia vijana wanamuziki, kunaweza kupita kwenye meza za urasimu. Hilo ndilo Se-ri alilolifanya. Hakukaa kusubiri bahati, alijenga mlango ambao serikali zote mbili zingeweza kuufungua bila kupoteza heshima. Jeong-hyeok ameacha jeshi, amerudi kwenye piano, yuko kwenye orkesta ya taifa. Se-ri anaruka tena na paraglaida, anatua vibaya mlimani kama kawaida yake, na mwanaume yupo.

Hapo ndipo lalamiko la tatu linapopasuka: wiki mbili tu?

Tufanye hesabu ya njia zilizokuwepo. Njia ya kwanza, Jeong-hyeok abaki Seoul. Baba yake ni mkuu wa ofisi ya siasa ya jeshi. Mtoto wake akihama upande, huyo mzee na mkewe wameisha, na vijana wanne pamoja na Man-bok, yule mnasa mazungumzo, ambao wote wana jamaa huko Kaskazini, wameisha nao. Njia ya pili, Se-ri arudi Kaskazini. Hiyo tuliitazama sehemu 9 nzima: kila wiki mtu anamsaka, kila wiki anahitaji jina jipya, na hata wale akina mama wa kijijini waliompenda wangekuwa hatarini siku atakapojulikana. Njia ya tatu, wakimbilie nchi nyingine. Matokeo kwa wazazi wa Jeong-hyeok ni yale yale ya njia ya kwanza, na nadhani wengi wanaoipendekeza wanasahau kwamba mwanaume huyu ameshampoteza kaka. Njia ya nne, nchi ziungane. Mwandishi angeandika hivyo, watazamaji wa Korea wangezima televisheni kwa kicheko.

Zaidi ya hapo, kuna jambo ambalo mtazamaji wa Seoul halihitaji kuelezwa. Familia zilizotenganishwa na vita ya 1950 hadi 1953 zipo kweli. Kuanzia mwaka 2000 serikali hizo mbili ziliandaa mikutano ya kuwakutanisha wazee na ndugu zao, na ya mwisho ya ana kwa ana ilifanyika mlima Kumgang Agosti 2018. Waombaji walikuwa wengi mno, kwa hiyo upande wa Kusini majina yalichaguliwa kwa kompyuta. Aliyebahatika alipewa siku tatu, na ndani ya hizo siku tatu muda wa kukaa pamoja ulifika kama saa 12 tu kwa jumla, mwingi wake mbele ya maofisa. Baada ya hapo basi liliondoka, watu wa miaka 80 na 90 wakishikana mikono dirishani, na hapakuwa na raundi ya pili. Bibi aliyemwona mwanawe baada ya zaidi ya miaka 60 hamwoni tena. Sasa weka wiki mbili kila mwaka kando ya saa 12 za maisha yote. Kwetu zinaonekana dhuluma. Kule ni utajiri, na tamthilia inajua ni utajiri, ndiyo maana inaziweka kwenye nyumba nzuri yenye bustani na kuondoka.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa mwisho huu. Unauma kidogo, kama unavyopaswa kuuma.

Kuhusu kifo cha Seung-jun, siwezi kukitetea. Gu Seung-jun alianza kama tapeli mwenye pasipoti ya Uingereza, aliyejificha Pyongyang kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo kaka wa Se-ri, ambaye Seung-jun alikuwa amemwibia, asingeweza kumfikia. Kim Jung-hyun alimcheza kwa wepesi mzuri, na uhusiano wake na Dan ulikua taratibu, kwa vijembe na bakuli za ramyeon (tambi za Kikorea), mpaka ukawa kwa wengi mtamu kuliko ule wa wahusika wakuu. Dan naye alikuwa mwanamke aliyesubiri miaka mingi mchumba asiyempenda. Ukimpa mtu kama huyo mapenzi yake ya kwanza ya kweli halafu ukamuulia mwanaume ndani ya gari la wagonjwa, lazima kifo hicho kifanye kazi ambayo hakuna kitu kingine kingeweza kuifanya.

Hakikufanya. Watetezi wanasema kinalipa dhambi za utapeli. Alishazilipa alipoacha ndege. Wengine wanasema kinampa Dan nguvu ya kusimama mwenyewe na selo yake, ile ala ya muziki anayopiga. Angeweza kusimama na mwanaume akiwa hai, hata akiwa mbali. Naona sababu yenyewe ni ya kiufundi zaidi: mwisho wa Se-ri na Jeong-hyeok ni mtamu, na mwandishi aliogopa kwamba utamu mtupu utaonekana wa bure, akatafuta wa kulipa bili. Bili wakapewa wahusika wa pili. Kibaya zaidi ni kwamba majonzi ya Dan yanapita haraka ili kamera irudi mpakani. Tunapewa uso wake, kilio cha mama yake, kisasi kidogo, halafu misimu inapita. Seo Ji-hye aliigiza vizuri kuliko nafasi aliyopewa.

Zile meseji nazo zina wapenzi na wapinzani. Kabla ya kuondoka, Jeong-hyeok aliandika ujumbe mwingi na kuupangia muda, ili Se-ri aendelee kuupokea mwaka mzima: kula, lala, usikae ndani. Wa mwisho unamwelekeza kwenye nchi linakoota ua la edelweiss. Kama njia ya kusogeza mwaka mbele ni nzuri kuliko maandishi ya "baada ya mwaka mmoja" kwenye kioo, kwa sababu kila meseji inaonyesha msimu na inaonyesha pia kwamba mwanaume alishajua ataondoka wakati bado anacheka naye. Ila ziko nyingi. Baada ya ya nne au ya tano umeshaelewa, na unaanza kuwaza mambo ya fundi simu: ujumbe wa kupangiwa muda hutoka ama kwenye simu yenyewe, ambayo lazima iwe imewashwa na ina mtandao, ama kwenye seva ya programu. Mtazamaji akifika kuwaza seva, tukio limerefushwa.

Takwimu zinasema Wakorea hawakuchoka. Sehemu ya kwanza, 14 Desemba 2019, ilipata asilimia 6.1 nchi nzima kwa vipimo vya watazamaji vya kampuni ya Nielsen Korea. Ya 16 ilifika asilimia 21.7, ikaivunja rekodi ya tvN ya asilimia 20.5 iliyokuwa ya tamthilia ya Goblin. Rekodi hiyo ilidumu hadi Aprili 2024, ilipovunjwa na tamthilia ya Queen of Tears kwa asilimia 24.85, na mwandishi wake ni huyo huyo Park Ji-eun. Kule nyumbani hawakukosa wakali pia: Januari 2020 chama kimoja kidogo cha siasa kiliwashitaki watengenezaji polisi kwa madai kwamba wanaipamba Kaskazini. Kesi ya namna hiyo ina uzito kwao, maana sheria ya usalama wa taifa ipo na inatumika. Ukiangalia kijiji kile chenye umeme wa kukatika, upekuzi wa nyumba usiku na jirani anayesikiliza mazungumzo yako kwa vipokea sauti, unajiuliza kimepambwa wapi. Mwandishi alikuwa na msaidizi, Kwak Moon-wan, aliyetoroka Kaskazini na aliyekuwa amesomea filamu huko huko, na mambo madogo ya jikoni na sokoni yanaonyesha mkono wake. Mitaa ya Pyongyang na yale matukio ya treni walivipigia picha Mongolia, kwa sababu ambazo huhitaji kuelezwa.

Na kuku. Kuanzia sehemu ya 10, hadithi ikihamia Seoul, kuku wa kukaanga wa mkahawa wa bb.q wanatokea mara nyingi mno kwa askari waliokuja na kazi ya siri. Matangazo ya kuingizwa ndani ya hadithi yalihalalishwa Korea mwaka 2010 na ndiyo yanayolipa mishahara. Hapa angalau waandishi wameyapa kazi: vijana wa Kaskazini wakionja kuku kwa mara ya kwanza ni kichekesho halali. Saa za Se-ri na mikufu yake ni hadithi nyingine.

Sasa kwa anayetaka kuirudia vizuri, au kuianza. Kwanza nenda kwenye mipangilio ya Netflix, kwenye wasifu wako, uzime kucheza sehemu inayofuata yenyewe. Hiyo inafanyika kwa kivinjari cha intaneti, mara moja tu, na inahamia kwenye vifaa vyote. Usipoweza, shika rimoti majina yakianza kupita na uchague kuyatazama. Pili, hesabu bando. Kwa ubora wa kawaida Netflix inakula hadi GB 1 kwa saa, kwa HD hadi GB 3. Sehemu ya 16 kwa HD inaweza kukumalizia karibu GB 5 peke yake. Kwenye simu chagua kuokoa data, ambako GB 1 inakupeleka kama saa 6, picha za milima zitaumia kidogo ila nyuso zinaonekana. Bora zaidi pakua ukiwa kwenye Wi-Fi.

Kama huna muda wa sehemu zote 16 na unataka tu kuelewa mwisho, tazama ya 1 kwa ajili ya kuanguka, ya 4 kwa ajili ya mshumaa, ya 9 kwa ajili ya hatua moja, dakika za mwisho za ya 10 kwa ajili ya mwanaume anayejitokeza Seoul, na vipande vya mwisho vya kila sehemu iliyobaki. Halafu ya 15 na 16 siku moja, kwa mfuatano. Ukitenganisha hizo mbili kwa wiki, kama walivyozoea wengine kutazama mwisho wa juma, Seung-jun anakufa ukiwa umeshasahau kwamba alikuwa uwanja wa ndege na tiketi mkononi.